Tabo ya ndege ndogo inaposumbua: maswali ninayoulizwa mara kwa mara Tabora na Kigoma

Kazi yangu ni matengenezo ya injini za ndege ndogo, na makazi yangu ni Tabora. Simu yangu hulia zaidi kiangazi, marubani wakiwa wanakimbiza wageni Mahale au kupeleka mgonjwa na dawa Mpanda na Kigoma. Wanaouliza hubadilika, ila maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Nazungumzia injini za pistoni zenye tabochaja (tabo kwa kifupi), zinazotumia avgasi, yaani petroli ya ndege: Cessna T206 na TU206, T210, Piper Seneca na ndugu zao. Kitabu cha ndege yako kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.

Tabo inafanya kazi gani hasa, na kwa nini huku kwetu ina maana?

Moshi wa ekzosti unapotoka una joto na mwendo. Tabo inautumia moshi huo kuzungusha gurudumu la tabini. Upande wa pili wa shafti hiyo hiyo kuna gurudumu la kompresa linalosukuma hewa kwenye silinda. Shafti inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na kinachoibeba ni utando mwembamba wa oili, ile ile oili ya injini.

Tabora ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya Oktoba yenye nyuzi 32, hewa ya uwanjani inakuwa nyepesi kama ya futi 7,000. Injini isiyo na tabo inaanza safari ikiwa tayari imepungukiwa. Yenye tabo inapata presha yake kamili. Lakini kumbuka kwamba tabo inaisaidia injini peke yake. Bawa na propela bado viko kwenye hewa nyepesi, na mbio za kuruka bado zitakuwa ndefu. Nimeona marubani wazuri wakilisahau hilo wakiwa na abiria watano na mizigo yao.

Caravan nayo ina tabo?

Hapana. Cessna 208 Caravan ina injini ya tabini inayotumia mafuta ya jeti. Ukurasa huu hauihusu.

Kabla ya kuwasha injini, geji ya presha ya manifoldi isome ngapi?

Nafurahi kila ninapoulizwa swali hili, kwa sababu jibu lake ni kipimo cha bure. Injini ikiwa imezimwa, ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kuna hewa ile ile unayoivuta wewe. Pwani geji itasoma karibu inchi 30 za zebaki. Kila futi 1,000 unazopanda hupunguza inchi moja hivi. Kwa hiyo uwanja wa Kigoma, ulio karibu na ziwa, tegemea 27. Tabora tegemea 26.

Ukikuta inasoma 29 ukiwa Tabora, geji inadanganya, au kipira chake kimejaa maji au oili. Usilinganishe na namba ya altimeta unayopewa na mnara, kwa maana hiyo imeshasahihishwa kwenda usawa wa bahari. Niliwahi kuitwa kwenye ndege iliyokuwa imesimama siku nne ikisubiri tabo mpya. Tabo ilikuwa nzima kabisa. Geji ilikuwa inasoma pungufu kwa inchi tatu, na hakuna aliyeitazama kabla ya kupiga stata.

Presha ya manifoldi haifiki inapotakiwa. Tabo imekufa?

Pengine, lakini usianze nayo. Katika kazi yangu yote tabo imekuwa mara nyingi zaidi ni mwathirika kuliko mkosaji. Ni chombo cha bei kubwa, kikiagizwa kinachukua muda, na ukikibadilisha bila kuondoa chanzo utakiua na hicho kipya. Ninavyotafuta mimi ni kufuata njia ya hewa tangu inapoingia hadi inapotokea.

Naanza na filta ya hewa. Nikiishika dhidi ya jua nisione mwanga ukipenya, nimeshapata la kufanya. Nyuma ya filta kuna mlango wa hewa ya dharura, ambao unatakiwa ufunge vizuri. Ukibaki wazi, injini inavuta hewa ya moto ya ndani ya kava la injini, tena hewa isiyochujwa.

Kisha nashika mabomba yanayotoka kwenye kompresa kwenda injini, kimoja kimoja, kwa mkono. Hozi za mpira hupasuka upande wa chini usioonekana. Klampu hulegea. Hapo hewa iliyokwisha kusukumwa inavuja nje, na tabo inazunguka kwa nguvu zaidi kuliko inavyotakiwa ili kufidia. Ndege yenye intakula, yaani kipoza hewa iliyobanwa, ina maungio mengi zaidi, kwa hiyo na mahali pa kuvuja ni pengi zaidi.

Halafu ekzosti, kuanzia silinda hadi tabo. Moshi ukivuja kabla ya kufika kwenye tabini, ile nguvu ya kuzungusha gurudumu imepotea. Avgasi ina madini ya risasi, ndiyo maana mahali panapovuja huacha unga wa kijivu au wa manjano-nyeupe. Tazama maungio yanayoteleza na kwenye gasketi za silinda. Kama huoni kitu, chukua mashine ya kufyonza vumbi, geuza bomba lake lipulize, lifunge kwenye bomba la nyuma la ekzosti, kisha pakaa maji ya sabuni kwenye kila ungio. Povu litakuonyesha. Kufuka kidogo kwenye maungio yanayoteleza ni kawaida. Povu linalochemka kama uji si kawaida, na ufa wowote unaotoa povu hauna mjadala.

Baada ya hapo ndipo naenda kwenye westigeti, yaani ule mlango unaopunguza moshi kwa kuupitishia pembeni ya tabo. Kwenye injini nyingi za aina hii springi inaufungua na presha ya oili inaufunga. Injini ikiwa imezimwa, mlango unatakiwa uwe wazi, na unaweza kuuchungulia kwa tochi na kioo. Masizi yakiugandisha ukiwa wazi, moshi wote unapita pembeni na tabo haipati chakula. Ukigandia umefungwa, presha inapita kiasi, na hilo ni baya zaidi. Kabla ya kulaumu kontrola, kifaa kinachopima oili ya kuufunga mlango huo, hakikisha oili inaifikia, kwamba paipu zake hazijabanwa na hazivuji.

Ukifika mwisho wa njia hii bila kupata kosa, fungua bomba la kompresa uitazame tabo yenyewe. Izungushe kwa kidole injini ikiwa imepoa. Inatakiwa izunguke laini, bila kukwaruza. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni maumbile yake, kwa sababu beringi zinaelea kwenye oili. Jani la gurudumu likigusa ukuta, au likiwa na pengo na ncha zilizopinda, hiyo tabo imemaliza safari.

Chini inavuta vizuri, ikifika futi 9,000 au 10,000 inaishiwa. Kwa nini?

Kwa sababu chini tabo haifanyi kazi kubwa. Uvujaji mdogo unafichika, westigeti ikijifunga kidogo tu inaufidia. Ukipanda, westigeti inajifunga zaidi na zaidi, mpaka inafika mahali imejifunga yote na haina tena cha kuongeza. Kila injini ina kimo chake cha namna hiyo, kimeandikwa kwenye kitabu. Ndege yako ikianza kuishiwa maelfu ya futi chini ya kimo hicho, tafuta uvujaji kwa njia niliyoieleza hapo juu. Mara nyingi ni ekzosti.

Andika kimo na presha kila mwezi kwenye safari ile ile, kwa mfano Kigoma kwenda Tabora. Ugonjwa unaokuja taratibu huonekana kwenye karatasi mapema kuliko unavyosikika.

Presha inapanda na kushuka yenyewe, kama inapumua.

Inategemea uko wapi. Ukiwa juu sana, westigeti imejifunga yote, mabadiliko madogo ya mwendo wa ndege au mizunguko hubadilisha moshi, moshi hubadilisha tabo, tabo hubadilisha presha, na presha hubadilisha moshi tena. Injini inajifuata mkia. Huo si ubovu. Punguza presha kidogo au ongeza mizunguko, itatulia.

Ikitokea chini, kwenye futi 5,000 kwa mfano, hapo kuna tatizo: hewa kwenye paipu za oili za kontrola, westigeti inayokwama na kuachia, au kontrola yenyewe. Mpe mhandisi aitazame.

Asubuhi ya kwanza presha inapita mstari mwekundu wakati wa kuruka. Mchana haifanyi hivyo.

Oili ya baridi. Juni na Julai asubuhi za Tabora zina ubaridi wake, na oili nzito inachelewa kutoka kwenye kontrola, kwa hiyo westigeti inachelewa kufunguka. Subiri oili ifike kwenye joto linalotakiwa, kisha sukuma throto polepole, ukihesabu moja hadi tano, jicho likiwa kwenye geji. Kwenye Seneca II hakuna kontrola ya kukusaidia. Westigeti yake imewekwa kwa skrubu isiyobadilika, na mkono wako ndio unaolinda mpaka wa inchi 40.

Ikishapita mpaka, hata kwa sekunde chache, andika ilifika ngapi na kwa muda gani. Watengenezaji wana jedwali la ukaguzi kulingana na kiasi kilichopita. Najua rubani anaona aibu kuandika. Tafadhali andika. Injini imebeba pigo ambalo anayeruka kesho hataliona.

Inatoa moshi wa bluu na oili inapungua. Ni pistoni au ni tabo?

Tazama wakati moshi unapotoka. Ukitoka unapowasha asubuhi, halafu ukaisha, na ukakuta kidimbwi cha oili chini ya bomba la nyuma, mshuku vali ya kuzuia oili isirudi. Injini ikisimama usiku, oili inateremka taratibu na kuijaza tabo. Chembe ndogo ya masizi inatosha kuizuia vali hiyo isifunge.

Moshi ukiendelea wakati wote, pampu inayorudisha oili kutoka kwenye tabo inaweza kuwa imechoka. Oili inaingia lakini haitoki, mwishowe inapita kwenye sili, kizuizi cha oili kwenye shafti. Na kama oili iko kwenye bomba la hewa upande wa kompresa, rudi kwenye filta kwanza. Filta ikiziba, kompresa inavuta kwa nguvu na kuifyonza oili kupitia sili ambayo haina kosa. Nimeshaona tabo ikiondolewa kwa sababu hiyo, kumbe kilichohitajika ni filta.

Pima pia mgandamizo wa silinda. Pistoni na tabo zinaweza kuugua pamoja.

Tabo ikifa angani, kati ya Tabora na Kigoma, nifanye nini?

Hili ndilo swali linaloninyima usingizi. Kati ya miji hii miwili kuna kama kilomita 350 za anga. Chini ni miombo, kisha mabwawa ya Malagarasi. Hakuna mahali pengi pa kutua.

Dalili ya kwanza ni presha kuanguka ghafla hadi kwenye presha ya nje. Kwenye futi 8,500 utaona 21 hivi. Huenda ukasikia kishindo au mlio wa kukwaruza. Sasa ndege yako imekuwa kama ndege isiyo na tabo, na ndege isiyo na tabo inaruka kwenye kimo hicho bila shida. Kinachozima injini si kukosa tabo. Ni mafuta kuwa mengi mno. Mchanganyiko wa hewa na mafuta ulikuwa umepangwa kwa hewa nyingi, na hewa imepungua ghafla, kwa hiyo injini inazama kwenye petroli. Vuta nyuma mkono wa mchanganyiko taratibu mpaka injini ilainike. Ikiwa imeshazima, endelea kuvuta taratibu huku propela inazunguka, itashika. Mkono wa rubani aliyeshtuka hukimbilia kuusukuma mchanganyiko mbele kabisa, na hapo ndipo makosa yanapotokea. Lifanyieni mazoezi hili mkiwa na mwalimu, msilisome tu.

Ikishatulia, tazama presha ya oili. Tabo iliyovunjika inaweza kuitema oili yote ya injini nje. Oili ikiwa imara, elekea uwanja unaofaa ulio karibu zaidi, hata kama safari ilikuwa ya kwenda kwingine. Oili ikishuka, chagua mahali pa kutua ukiwa bado na nguvu ya kuchagua.

Jambo la tatu ni moto. Ukinusa moshi, ukiona rangi ya kava inababuka, au kipimo cha hewa ya sumu kikilia, chukulia kwamba ekzosti imeachia ndani ya kava. Funga hita ya kabini, punguza nguvu hadi kiwango cha chini kinachokuweka angani, fungua matundu ya hewa safi, fuata orodha ya dharura ya ndege yako na utue mapema iwezekanavyo. Mweleze mwongozaji. Usisubiri uhakika.

Klampu moja tu imepasuka kidogo. Inaweza kufika Dar?

Haiwezi. Klampu inayoshika bomba la nyuma kwenye tabo ikiachia, bomba linadondoka na moshi wa karibu nyuzi 900 za Selsiasi unapuliza kwenye ukuta wa kuzuia moto, paipu za petroli na oili. Watu wamekufa kwa sababu ya klampu hiyo. Mwaka 2023 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kwamba zile zenye vipande vingi vilivyochomelewa kwa nukta zitolewe zikifika saa 500. Ufa huanzia kwenye nukta za kuchomelea, chini ya mkanda wa nje, kwa hiyo kioo na tochi ni lazima. Ukiona mkanda haujakaa bapa, au umetanuka kwenye kona, utoe. Usiukaze zaidi ukidhani umelegea.

Na hapa niwaombe mafundi vijana: msiandike alama kwenye ekzosti kwa penseli. Kaboni ya penseli huingia kwenye chuma kinapopata moto na kuanzisha ufa. Vifaa vilivyopakwa zinki navyo vikae mbali.

Ni lazima kusubiri dakika tano kabla ya kuzima?

Lengo ni kuipoza tabo wakati oili bado inapita. Ukizima ikiwa ya moto sana, oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuwa makaa magumu. Ila dakika tano hazianzi unaposimama. Ulipokuja kutua kwa nguvu ndogo ulikuwa tayari unapoza, na kutembea hadi maegesho kunahesabika. Kwenye kiwanja kifupi cha ziwani ambako unasimama mara tu baada ya kutua, mimi hutazama joto la silinda. Likiacha kushuka, nazima. Kisha naacha mlango wazi nisikilize. Tabo nzima hupungua mwendo kwa mluzi laini. Ikisimama ghafla au ikikwaruza, nafungua kava siku hiyo hiyo.

Vumbi na moshi wa kuchoma misitu vinaathiri?

Sana. Kati ya Juni na Septemba ukungu wa moshi unafunika Urambo na Kaliua, na majivu yanaingia kila mahali. Filta ya kiangazi cha Tabora haiwezi kudumu sawa na ya pwani. Vumbi likipita linakula ncha za majani ya kompresa kama msasa, kisha linaingia kwenye silinda na kwenye oili. Badilisha oili na filta yake kila saa 50, au kila miezi minne hata kama ndege haijaruka sana. Ipasue filta ya zamani utafute vyuma.

Na nyuki. Tabora ni nchi ya asali, na tundu lolote lenye giza kwao ni mzinga. Ndege ikilala wiki, funga matundu yote kwa vifuniko vyenye utepe mwekundu, na uhesabu vifuniko kabla ya kuwasha. Kitambaa kilichosahaulika kwenye bomba la hewa huua tabo kwa sekunde moja.

Fundi wetu wa malori anatengeneza tabo za Fuso vizuri sana. Atatusaidia?

Namheshimu, nami nilianzia kwenye malori. Lakini tabo ya ndege inafunguliwa kwenye karakana iliyoidhinishwa, na kuifunga kwenye ndege ni kazi ya mhandisi mwenye leseni inayotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Gurudumu la tabini likipasuka kwenye lori, dereva anaegesha Nzega. Wewe hutaegesha.

Avgasi imeisha Kigoma. Nichanganye petroli ya gari?

Usichanganye. Hewa iliyobanwa na tabo inaingia ikiwa na joto, na petroli yenye oktani ndogo hulipuka kabla ya wakati wake. Pistoni hutoboka kwa dakika chache.

Tabo mpya imefungwa. Tuwashe?

Bado. Kama ya zamani ilivunjika, tafuta kila kipande kilichopotea: kwenye mabomba ya hewa, kwenye intakula, kwenye westigeti na bomba la nyuma. Safisha paipu za oili, usizirudishe na makaa yake. Mimina oili safi kwenye tundu la kuingilia la tabo huku ukiizungusha kwa kidole, ili beringi zisianze zikiwa kavu. Washa, acha injini izunguke polepole, tazama uvujaji, zima, kagua tena. Ndipo uruke, juu ya uwanja, bila abiria.

Nikiwa rubani, niandike nini kwenye kitabu cha ndege?

Usiandike "tabo mbovu." Hilo ni hukumu, na mimi nahitaji ushahidi. Andika kimo, joto la nje, presha ya manifoldi kabla na baada, mizunguko, mafuta kwa saa, joto la tabini, presha na joto la oili, na ulichosikia. Mfano mzuri niliowahi kuupokea ulikuwa mistari miwili tu: "Kigoma kwenda Tabora, futi 9,500, nje nyuzi 14. Presha ilishuka taratibu kwa dakika kumi kutoka 30 hadi 26, mizunguko 2,400, oili haikubadilika, harufu ya moshi hakuna. Tulipoteremka futi 6,500 ikarudi 30." Nilikwenda moja kwa moja kwenye ekzosti ya silinda ya tano, nikaukuta ufa.